Moshi wa Pilipili Yangu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kila ninapobandika mafuta jikoni, na leo nitakusimulia bila kujitetea. Ilikuwa Butembo, mashariki ya Kongo, miaka ya vita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najua kupika, na najua kwamba najua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hapo.

Nilifanya kazi kwa Mama Kavira, mjane mwenye mgahawa mdogo karibu na soko. Wateja wake walipenda pilipili ya Kichina, ile inayokaa ndani ya mafuta, ambayo wafanyabiashara wetu waliileta kutoka safari zao za mbali. Vita vikafunga barabara ya Kasindi, ile ya mpaka wa Uganda, na chupa za pilipili hiyo zikakoma. Mama Kavira hakulalamika. Alilamba kijiko cha mwisho, akafumba macho, akataja vilivyomo: pilipili kavu iliyotwangwa, kitunguu saumu, tangawizi, soya ya kukaanga, chumvi, sukari kidogo. Kuhusu mafuta, alisema tutatumia mawese yetu.

Sasa sikiliza vizuri. Kwetu mawese huchomwa kwanza mpaka yafuke moshi, ili wekundu uondoke na harufu ipungue. Mama Kavira alinielekeza: yakishapauka, epua, ngoja, kisha tupia kipande cha kitunguu. Kikichemka polepole bila kuungua, ndipo uyamwage juu ya pilipili. Akaenda zake kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Mimi nikaona kungoja ni kazi ya wazee. Nikayamwaga mafuta juu ya pilipili yakiwa bado yanafuka.

Pilipili ikawa nyeusi papo hapo. Moshi ukanikaba koo, ukatoka mlangoni, ukaingia nyumba za majirani, na mtaa mzima ukaanza kukohoa na kutokwa machozi. Siku zile watu walilala mizigo imefungwa. Kwa hiyo mtu mmoja aliposema wanajeshi wametupa gesi, hakuna aliyeuliza mara mbili. Magodoro yakapanda vichwani. Kahindo, jirani yetu, alipita mbele yangu na mtoto wa siku kumi na mbili kifuani, hana hata blanketi, na mvua yetu ya baridi ilikuwa imeanza.

Nilijua ukweli, mwanangu. Neno moja lingewarudisha. Lakini niliwaza watakavyonicheka sokoni, nikaona aibu, nikafunga mlango na kuanza kusugua sufuria.

Mama Kavira alirudi akikohoa. Alinusa, akaangalia sufuria, akaelewa. Hakunigombeza kwa pilipili wala kwa mawese. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na batu benye bamekimbia, nani ataenda kubaambia?"

Nikajibu kwamba pengine watarudi wenyewe. Akanitwika sufuria ile kichwani, akanisukuma nje. Nilipanda kilima walikokimbilia, kwenye mvua, na kila niliyemkuta nilimwambia maneno yaleyale, kwamba hakuna wanajeshi: "Hapana basoda, ni miye nilichoma pilipili." Wengine walicheka hadi wakakaa chini. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Kahindo nilimkuta amejibanza kwenye ukuta wa shule, mtoto anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Nilivua kitenge changu tukamfunika. Yeye hakucheka.

"Ungesema palepale," akaniambia, "tungekucheka, na ingeisha."

Mtoto yule alishikwa na homa siku nyingi. Kila asubuhi nilikwenda kumwangalia nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena, hata risasi zilipolia. Alipona, namshukuru Mungu. Baadaye nilipika tena, nikaepua, nikangoja, na pilipili ikatoka nyekundu, inanukia. Wateja walisema inashinda ya chupa. Wanasema hivyo mpaka leo, nami siwabishii.

Nasaha yangu basi ni hii. Kuunguza, utaunguza, hata mimi bado naunguza. Lakini ukiunguza, sema ni wewe, tena sema mapema, wakati kosa lako bado ni la kuchekwa. Ukinyamaza, kuna mtu asiye na hatia atakayelilipia, na huenda bado ananyonya.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na mdomo usioogopa kusema "ni mimi." Na wote wanaokaa karibu nawe, wakae kwa amani.