Unga Safi wa Mama Mikate

Mama Mikate alikuwa mwoka mikate miaka thelathini, na ngano ndiyo iliyomjengea nyumba. Halafu, looo! Daktari akasema ngano ni sumu kwa utumbo wa mjukuu wake wa pekee, hata chembe. Bibi akagawa unga wote siku hiyohiyo. Akajifunza upya mkate wa mtama na muhogo, ule usiotaka kushikana mpaka uubembeleze kwa mayai. Vyombo vyote vipya. Kinuni, alikopeleka mtama kila wiki, alimwamuru msagishaji asafishe mashine kwanza, bila kumwambia sababu. Maradhi ya mtoto yatangazwe kinuni kwa nini?

Miaka miwili, mtoto anakonda tu na tumbo limemjaa. Juzi daktari akakunja uso: "Kuna mtu anamlisha ngano." Bibi hakungoja. Akamgeukia mkwe wake, mama wa mtoto: "Ni wewe na vibiskuti vyako vya kwenye mkoba!" Mkwe aliapa, akalia, asisikilizwe. Jioni akafungasha akarudi kwao, na mtoto akabaki kwa bibi, ale kwa usalama.

Leo bibi alikuwa na haraka. Badala ya kungoja benchini nje ya kinu, akaingia ndani kwenye vumbi. Akamwona msagishaji akimimina bakuli la nafaka nyingine kabla ya mtama wake.

"We! Unatia nini humo?"

"Ngano, mama. Si ulitaka mashine safi? Hakuna kinachofagia mabaki ya mahindi kama ngano. Nakufanyia wewe tu, kila ukija."

Kila ukija! Mama Mikate akashika ukuta. Kila wiki, miaka miwili, mkate wa moto, na yeye mwenyewe akisema, "Kula mjukuu wangu, ongeza." Mungu wangu! Msagishaji alimletea kiti na maji, akidhani ni joto. Masikini, alikuwa bado anatabasamu, akingoja ahsante.

Aliuacha mtama palepale. Nje akampigia mkwe wake simu.

"Shikamoo, mama," mkwe akaitikia, kwa adabu ileile.

Shikamoo hiyo angeipokeaje?

"Mwanangu," alisema, "ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."