Msumari Katika Pindo la Mtandio

Kwa siku tatu mstari wangu wa vipimo ulikataa kukubaliana na nafsi yake. Nikitembea kuelekea kaskazini, mashine mgongoni ilinipa namba moja. Nikigeuka na kurudi kusini juu ya vigingi vilevile, ilinipa nyingine. Mchanga ni uleule, nyayo zangu bado zimo, na mashine inaniona mwongo.

Tulikuwa nje ya Habaswein tukitafuta ufa. Si ufa wa kuonekana kwa macho. Ni mpasuko wa mwamba wa kale, uliofunikwa na mchanga kabla ya ngamia wa kwanza kukanyaga nchi hii. Mkuu wa msafara, daktari wa jiolojia aliyetoka ng'ambo ya Tana, huko ambako sisi wa kaskazini bado tunakuita "Kenya", kana kwamba kwetu si Kenya, alipima mvutano wa ardhi: mwamba mzito ukiwa karibu, ardhi huvuta kwa nguvu zaidi kidogo, ukizama, mvuto hulegea. Mimi nilibeba kipima sumaku, kwa kuwa mwamba nao una sumaku yake, na pale ulipovunjika sumaku hiyo hubadilika. Vipimo viwili vikikubaliana, ufa huchorwa kwenye ramani.

Kabla ya hapo, kwa wiki kadhaa, kazi yangu ilikuwa kumwandikia namba zake. Ndipo akanipa mashine na mstari mmoja, wangu peke yangu. Siku ya tano alasiri gari lingerudisha mitambo Nairobi. Namba zisipokubaliana hadi hapo, mstari wangu ungefutwa.

"Una chuma mwilini?" aliniuliza.

"Sina, daktari."

"Saa? Pini? Ufunguo?"

"Sina. Hata mtandio nimeufunga fundo."

"Basi labda una damu ya madini," akasema, akacheka peke yake.

Tulilaumu jua. Tulilaumu malori ya Wajir. Ngamia hatukuweza kuwalaumu, maana kengele zao ni za mbao. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nafua mtandio kwa habaryar, mdogo wa mama yangu, ambaye tulipiga kambi kwenye boma lake. Pembe ya kitambaa iligonga beseni: ti! Nikaipapasa. Ndani ya pindo, umeshonwa kwa mishono midogo ya subira, kulikuwa na msumari.

Nilimwendea nao kiganjani.

"Umeupata," alisema, bila aibu hata kidogo.

"Habaryar, umeniharibia siku tatu!"

"Jua la saa saba, msichana peke yake, anatembea juu ya ufa wa ardhi. Humo ndani unadhani wanaishi nani, habaryar?" Kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana jina hilohilo, kwa hiyo hata ugomvi wetu ulikuwa na mwangwi. "Majini wanaogopa chuma. Hilo mashine yako haikukwambia?"

Nilimweleza daktari ukweli. Msumari ulikuwa ukilala begani kwangu, karibu na kipimo. Nikigeuka, unageuka nami. Hakunigombeza. Alichukua kalamu akapiga mstari juu ya kurasa tatu, polepole, na heri angenigombeza.

Asubuhi habaryar alinipa mtandio bila msumari, kisha akasimama mlangoni na viatu miguuni. Niende bila chuma, sawa, lakini yeye atakuja nacho.

"Hatua thelathini nyuma yake, mama," daktari alimwambia. "Usimkaribie."

"Thelathini yangu ama yako?" alimjibu kwa Kiswahili chake. "Wewe mguu refu."

Basi tukatembea hivyo siku mbili. Kila niliposimama kupima, alidhani nimepatwa na kitu, akaja mbio. "Kuna nini?" "Rudi nyuma!" Kipimo narudia. Kigingi kinachofuata, vilevile. Nilimpigia kelele mbele ya wachungaji, wao wakacheka, na mimi meno nimeyauma.

Lakini namba sasa zilikubaliana. Mchana wa siku ya tano zikaanza kushuka, kigingi baada ya kigingi, palepale mvutano wa daktari ulipolegea. Vilibaki vigingi vitatu, vya kuonyesha zinapopanda tena ng'ambo ya pili. Gari lilishaanza kupiga honi kambini.

Nikageuka nyuma. Habaryar alikuwa ameketi mchangani, jua la saa saba utosini, magoti yamemkatalia. Nilimwita. Hakuinuka, aliinua msumari tu, nione kwamba bado anao.

Nilitazama vile vigingi vitatu. Kisha nikarudi kumwinua, na mashine ikaandika upuuzi kila hatua niliyomkaribia.

Ramani ilipotoka, mstari wangu ulikuwamo, lakini kwa kukosa vile vigingi vitatu, ufa wenyewe ulichorwa kwa vistari vya vipande-vipande. Kwa wanajiolojia maana yake ni: huenda. Nilimpelekea habaryar, nikamwekea kidole juu ya ile "huenda".

"Na hakuna kilichokupata," alisema.

"Hakuna, habaryar. Hakuna kabisa."