Vigae Elfu Nne na Kimoja

Fundi yule walimwita Punguza, na jina hakuliokota njiani. Mwuza saruji akimwona kwa mbali alipandisha bei kwanza, ndipo amsalimie. Hakukuwa na mtu asiyeshusha bei mbele yake. Basi akakutana na namba.

Baba yake alikuwa mchomaji vigae. Kila alipofungua tanuri alitoa kigae kimoja, kipana kama vidole vitatu, akakiweka kando kiwe ushahidi wa mchomo ule. Sasa mzee yuko kitandani, mikono inatetemeka, na ombi lake ni moja: vigae vile vyote vibandikwe kwenye ukuta unaotazamana naye, safu zote sawa, kisikatwe hata kimoja, kisibaki hata kimoja.

"Hilo tu, Baba? Wiki haiishi!"

Alivihesabu: elfu nne na kimoja. Akapanga safu za saba, vikabaki vinne. Za kumi na moja, vikabaki vinane. Za thelathini na moja, vikabaki viwili, akaona kama namba imeanza kulegea. Wapi! Akamwendea jirani yake, mwalimu wa hesabu.

"Usijichoshe, fundi," mwalimu akamwambia. "Hiyo ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Mwalimu, kila kitu kina bei ya mwisho."

"Hii, bei yake ya mwisho ndiyo ya kwanza. Labda upange safu moja. Ukuta wa mita mia mbili unao?"

Punguza akarudi kwa mzee, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekuja kununua shamba.

"Baba, tutoe kimoja tu. Elfu nne vinakaa hamsini kwa themanini, havidaiani."

"Sawa. Toa mchomo uliokulipia shule. Au ule uliomzika mama yako. Chagua."

Punguza akakohoa. "Basi tuongeze kimoja. Vikifika elfu nne na viwili ni hamsini na nane kwa sitini na tisa. Nanunua dukani leo hii."

"Cha dukani nilikichoma mimi?"

"Nitakufinyangia mwenyewe."

"Mkono wako ni wa kubandika, mwanangu. Niletee udongo."

Ukuta ukabandikwa wote, isipokuwa tundu moja pembeni, la kigae cha elfu nne na viwili. Tangu hapo, kila asubuhi Punguza hukanda udongo, huuweka juu ya kibao kifuani pa baba yake. Mzee hubonyeza, vidole huruka, pembe moja huzama, nyingine huvimba.

"Hata kibovu, Baba. Mimi nakipokea."

"Wewe unakipokea. Mimi sikitoi."

Leo udongo umemteleza ukaanguka kwenye shuka. Kila juma vidole vinakuwa vizito zaidi, na wote wawili wanaona. Punguza ameuzoa, ameutia maji kidogo, ameukanda upya na kuurudisha kwenye kibao. Amefungua mdomo ataje bei nyingine, akakosa ya kutaja.