Fundi Aliyeogopa Ndoo ya Maji

Habari za kifo cha fundi mashua tuliyezoea kumwona ufuoni hapa Kismayo zilinifikia dukani, nilipokwenda kununua misumari. Mwenye duka alimrehemu, kisha akaongeza kwa lahaja yetu, ambamo mtu huitwa mchu: "Mchu hodari, lakini mzito wa kumaliza." Wateja wawili waliokuwapo wakaafiki. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile, kwa sababu nilimjua marehemu miaka mingi na sikupata kumwona amekaa bure. Alfajiri ilimkuta tezo ya kuchongea mbao mkononi. Mzembe tunamjua: hulala, husogoa, hujificha. Tumweleze vipi basi mtu afanyaye kazi kutwa, tena kwa ustadi, na kazi yake isiishe?

Wasomaji wa bara wataniwia radhi nikieleza desturi moja ya mafundi wetu. Chombo kikisha kuundwa na kukalafatiwa, yaani mianya ya mbao kujazwa pamba iliyolowa mafuta, hakishuliwi baharini papo hapo. Hutiwa maji ndani kingali nchi kavu, watu wamekizunguka wakitazama. Penye kasoro hutoa jasho upande wa nje, na kila mwenye macho huliona. Fundi huyu alimuundia mashua mama mmoja wa kisiwa cha Chovai, aliyeishi mjini muda mrefu na sasa akitaka kurejea kisiwani pamoja na mamake mzee. Bibi yule alikuwa na ombi moja tu: kuingia ua wa nyumba aliyozaliwa kwa miguu yake mwenyewe, na miguu hiyo ilikuwa ikidhoofika. Mashua ilikamilika, maji hayakutiwa. Juma la kwanza fundi aliusugua ubavu wa kushoto. Juma la tatu akaupaka mafuta ya papa mara ya pili. Juma la saba nilikuwapo, nimesimama kivulini mwa chombo, yule mama alipokuja.

"Fundi, wamsinga nani?" akauliza. "Hata bi harusi hapakwi hivi!"

"Bado kidogo, dada. Ubao huu haujaniridhisha."

"Ubao haujakuridhisha, na mamangu jana kashika ukuta kwenda chooni. Nimwambie angoje mpaka ubao ufurahi?"

Fundi aliinama, akaendelea kusugua. Mama akatwaa ndoo, akateka maji ya bahari, akayamwaga ndani ya mashua mwenyewe. Waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakamsaidia. Fundi akageuka akatazama upande wa mjini, kama mtu anayesubiri kupigwa. Mashua ilivuja mahali patatu, michirizi myembamba tu. Aliirekebisha asubuhi iliyofuata, kabla ya adhuhuri.

Nilimuuliza siku ile ya ndoo, kwa udadisi na si kwa lawama, alichokuwa akikikimbia. Akanisimulia mashua yake ya kwanza, aliyoiunda Kudhaa angali kijana. Ilipotiwa maji ilivuja mbele ya kijiji kizima, na mfanya mzaha mmoja akapaza sauti: "Katuundia kifumbu cha kuchujia tui!" Miaka miwili watu walimwita Kifumbu. "Nikiishika ndoo nasikia kicheko," aliniambia. "Basi naona heri nisugue." Hapo nikaanza kuelewa. Hofu yake haikumwamuru aache kazi. Ilimwamuru aiboreshe, na kwa hiyo hakuitambua kuwa ni hofu, wala sisi hatukuitambua. Nimeiona kwa mwanafunzi anayesoma kitabu cha kumi ili asiandike ukurasa wa kwanza, na kwa mgonjwa anayejaribu kila dawa ili asipimwe. Tunawaita wazito, nao huamini, wakazidisha bidii pale pale ambapo bidii haihitajiki. Najiuliza, tena sina jibu kamili, ni kazi ngapi zimelala katika pwani hii si kwa kukosa mikono, bali kwa kuogopa midomo yetu.

Bibi alifika Chovai akiwa hai. Lakini katika majuma yale saba miguu ilikuwa imeishiwa nguvu. Alishushwa amebebwa na wajukuu, na vivyo hivyo akaingizwa uani. Nilimwambia fundi kwamba, kwa maelezo ya bintiye, bibi alilia kwa furaha alipoiona nyumba.

"Mashua ilivuja mahali patatu, nikapaziba kwa asubuhi moja," fundi akasema. "Zile hatua zake nitazirudisha na nini?"

Mungu amrehemu. Mwenye hofu huipima aibu inayoweza kumpata, tena huipima kwa makini sana. Kinachompita ni kwamba muda anaoutumia kuipima mara nyingi si wake.