Pindo Moja, Kurasa Kumi na Mbili

Mwaka 1998 Mwanatabu binti Stambuli, mzaliwa wa Jomvu Kuu, alikuwa akipiga chapa barua za watu katika ofisi ya Mwarandu, Port Reitz. Siku hizo mwanamke akionekana mbele ya kompyuta alidhaniwa karani tu. Fikra mbovu, nayo ilikuwa imekaa vichwani mwa watu kama kutu. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza kurasa za intaneti ilipoingia, Mwarandu alimpa kwa kukosa mwingine. Akamwonya: ifikapo Ijumaa kurasa hazipo, kazi itapelekwa mjini naye atarudi kwenye barua zake.

Kurasa zilikuwa kumi na mbili, za Mzee Idarus mwenye nyumba za wageni Likoni. Zote zilitakiwa ziwe na kichwa kimoja, vitufe vile vile, na chini anwani na simu. Mwingine angeyaandika hayo mara kumi na mbili. Lakini mamake Mwanatabu alikuwa muuza leso, na bintiye alijua kwamba pindo moja la leso laweza kuzunguka miji mingi, yaani sehemu za katikati zenye nakshi tofauti. Akaviweka kichwa, vitufe na anwani katika faili moja, akaliita pindo. Ndani ya kila ukurasa akaandika mstari mmoja tu wa kuliita pindo hilo lije. Kilichobaki kubadilika ni mji, yale maneno na picha za katikati.

Kuanza kulimtoa jasho. Siku tatu pindo liligoma kutokea, kumbe alama moja imesahauliwa. Mwarandu akawa hapiti nyuma ya kiti chake bila neno.

"Bi Mwanatabu, wachapa tangu Jumatatu, ukurasa sijauona. Au waandika hirizi?"

"Ijumaa utaona, inshallah."

"Ijumaa hii, au ya mwaka ujao?"

Ijumaa Mzee Idarus akaja na habari yake: ofisi amehamishia Bofu, na simu imebadilika. Mwarandu akashika kichwa. Mwanatabu akafungua faili la pindo, akabadili anwani na nambari, akahifadhi. Wakazipitia kurasa moja moja. Kumi zilikuwa sawa. Ya kumi na moja ikatoa simu ya zamani, na ya mwisho vivyo hivyo. Mzee akamgeukia Mwarandu.

Mwanatabu alijua alipokosea. Jumatano, kwa kukata tamaa, maneno ya pindo aliyabandika ndani ya kurasa hizo mbili ili walau aone kitu kwenye kioo.

"Hizi mbili sikuzifunga kwenye pindo," akasema. "Kosa langu."

Akayafuta, akaandika ule mstari mmoja. Zikakaa sawa.

"Na nikihama tena?" Mzee akauliza.

"Hama utakavyo, mzee wangu. Nitabadilisha mahali pamoja."

Mwarandu aliliokota rundo la barua mezani kwa Mwanatabu, akaenda kuketi kwenye mashine ya pili, akaanza kuzichapa mwenyewe, kwa vidole viwili.