Sabufa Nne za Kishindo

Kishindo alikuwa dereva teksi aliyewasafirisha abiria na kuwapasua masikio kwa nauli ileile. Sabufa mbili kwenye buti, amplifaya chini ya kiti. Nyumbani alikuja kulala tu. Mkewe akiwa na neno, ilibidi amvizie garini. Na neno alikuwa nalo, zito, la ndoa yao. Alilisema kila asubuhi akipelekwa kazini. Kishindo anatikisa kichwa. Kumbe anafuata mdundo.

Shemeji yake akafunga sabufa tatu kwenye gari lake. Basi usingizi ukamruka Kishindo. Akanunua mbili zaidi, akaenda kwa fundi.

"Kila moja ina omu nne," fundi akasema. "Amplifaya yako inavumilia mpaka mbili, chini ya hapo basi. Nikiziunga mbilimbili kwa kufuatana, kisha jozi zote sambamba, tunabaki na nne. Sauti itapoa kidogo, lakini itadumu."

"Nimeongeza spika ili sauti ipoe? Wewe fundi au muuza barafu?"

"Zote sambamba itakuwa omu moja, kaka."

"Moja na mbili, ipi ndogo? Si mzigo umepungua?"

"Omu ni kizuizi. Ukikipunguza, umeme unapita kama maji kwenye bomba lililopasuka. Amplifaya itaungua."

"Funga, bwana! Gari la nani?"

Fundi akafunga. Gari la mwenyewe.

Kesho yake mkewe akaingia na begi kubwa. Buti limejaa sabufa, begi akalipakata. Kishindo akafungulia muziki. Vioo vikatetemeka, kibati cha namba kikagonga, muuza matunda akakumbatia meza yake. Shemeji angekufa kwa kijicho! Mke anasema, mume anatikisa kichwa.

Kwenye taa nyekundu ikaja harufu ya waya. Moshi. Kimya.

"...na funguo nimemwachia jirani," mkewe akasema.

"Funguo gani?"

"Za nyumba. Nakwenda kwa mama, sirudi. Mwezi mzima nakuambia, na wewe unakubali."

"Mimi? Nimekubali lini?"

"Kila asubuhi. Kwa kichwa."

Taa ikawa kijani. Honi zikamlilia nyuma. Hakusogea.

"Sema tena, mama. Toka mwanzo."

"Ni marefu."

"Sina muziki."

Mkewe akacheka, bila kupenda. Kishindo akaondoa gari polepole. Walipofika kwa mamaye alikuwa hajamaliza. Wakakaa humo mpaka akamaliza.

Kishindo akalibeba begi mwenyewe hadi mlangoni.