Karani wa Wapiga Kura Hewa

Mzee Nukta alisahihisha gazeti kwa miaka thelathini na mmoja, na hata alipostaafu hakuacha. Alisoma kila toleo akiwa na kalamu nyekundu mkononi, tangu kichwa cha habari hadi matangazo ya vifo, na akikuta koma imekaa vibaya, chai yake siku hiyo haikushuka. Jina hilo alipewa na wapiga chapa, watu wenye midomo isiyo na breki, naye akalipenda kuliko lile la wazazi wake. Kama kulikuwa na kitu alichokiamini bila kuuliza, ni kile kilichochapwa. "Neno la mdomo hutoka kwa mtu mmoja," alikuwa akisema. "La gazeti limepita macho ya watu watatu."

Aliishi nyumba ya vyumba viwili na binti yake wa pekee, mwalimu wa muda. Mama mtu alifariki zamani, na wawili hao walikuwa chanda na pete. Mwaka ule binti akapata kibarua cha siku saba, kuandikisha wapiga kura katika darasa moja la shule ya jirani. Kila jioni alibandika mlangoni karatasi ya idadi, kisha akarudi na daftari nyumbani, akakaa mezani kujaza ripoti huku baba akisoma gazeti lake.

Siku ya nane gazeti likaandika ukurasa wa kwanza kwamba kituo kile kimeandikisha watu 5,635. Mtaa ukapigwa na butwaa. Hata ukihesabu na watoto wa mgongoni, mtaa ule haufiki huko.

"Si kweli, baba," binti alisema. "Nimeandikisha watu elfu moja na mia nne. Kila mmoja alikaa mbele yangu."

"Labda ulichoka, mama. Mtu akichoka huruka kurasa."

"Niruke watu elfu nne?"

Mzee akakunja gazeti polepole. "Mimi nimefanya kazi pale. Tarakimu haiingii ukurasa wa kwanza bila kuulizwa imetoka wapi."

Wambeya nao hawana likizo. Kufikia mchana habari ilishakuwa kwamba karani ameandikisha watu hewa, na wazazi ambao watoto wao aliwafundisha kusoma wakaanza kumpita bila salamu. Baada ya siku mbili maofisa wawili wa uchaguzi wakaja nyumbani. Daftari lilikuwa na majina 1,400 tu, nao wakishuku kurasa zimenyofolewa waliuliza kama liliwahi kutoka kituoni. Mzee akajibu kwa usahihi, kama alivyozoea: ndiyo, lilikuja kila jioni. Alikuwa akiandika nini humo? Mzee hakujua, yeye alikuwa akisoma. Na je, anadhani gazeti limekosea?

Hapo angeweza kunyamaza, lakini ulimi hauna mfupa. "Gazeti haliwezi kukosea watu elfu nne," alisema.

Binti alikuwa ameketi palepale. Kesho yake alipata barua ya kusimamishwa, na shule nayo ikamwambia asirudi. Jua halijatua alikuwa amehamia kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji.

Nyumba ikapooza. Siku tatu mfululizo mzee alipika chai ya watu wawili, akamwaga nusu. Ya nne akatoka kwenda shuleni, bila yeye mwenyewe kujua anafuata nini. Karatasi saba zilikuwa bado mlangoni, kwa mwandiko wa binti yake: 200, 410, 600, 805, 1,000, 1,220, 1,400. Juu ya kila moja ameandika, Jumla hadi leo. Mzee akazijumlisha zote pembeni mwa gazeti kwa ile kalamu nyekundu, akapata 5,635. Mwandishi wa gazeti alikuwa amechukua jumla ya kila siku akaiongeza juu ya nyingine, hata mtu aliyejiandikisha siku ya kwanza akahesabiwa mara saba. Mtoto wa darasa la nne angeliona kosa hilo. Watu watatu hawakuliona. Wanne, ukimhesabu na mzee. Alikaa kwenye ngazi ya darasa akalia, mtu mzima na mvi zake.

Gazetini alikuta mhariri wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, akapewa kiti na soda. "Mzee wangu, hiyo habari imeshapoa," kijana alisema. "Lakini kwa heshima yako tutasahihisha." Sahihisho likatoka ukurasa wa kumi na nne, mistari mitatu, chini ya tangazo la magodoro.

Mzee akakikata kile kipande, akavaa koti, akaenda kwa dada yake. Binti alitoka uani mikono ikiwa na povu la sabuni, akamwamkia, akajifuta, akakisoma wima.

"Nimepiga hesabu mwenyewe," mzee alisema. "Ulisema kweli, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe, baba." Akamrudishia kipande chake. "Lakini kurudi siwezi. Nilikaa mbele yako nikakwambia, hukuniamini. Umekuja leo kwa sababu gazeti limekubali."

Mzee alitaka kumwambia kwamba hesabu aliipiga kabla gazeti halijakubali. Akaona haitasaidia. Hata hizo tarakimu za mlangoni alikuwa ameziamini kabla ya kumwamini mwanawe, na hilo ndilo lililomkata maini njia nzima ya kurudi.